Kaka, stendibai sio ofu

Kaka habari za siku,

Meseji yako niliiona Jumanne, nikaisoma nikaiacha, usiku nikairudia tena, na kama sijajibu mpaka leo usidhani nimekudharau. Umeniomba nisimame na wewe siku ya harusi yako na mi hakuna kitu nakitaka kama hicho. Ila pale ulipomalizia, "si uko stendibai nyumbani tu siku hizo, utashindwaje", ndo paliponikaa moyoni, maana hata mke wangu mwanzoni alikua anaona hivyohivyo, nikagundua sijawahi kukueleza vizuri hii kazi ya urubani ilivyo. Leo nina masaa yangu mwenyewe, acha nikuelezee.

Rubani ambaye hana safari alizopangiwa mwezi huo anakaa rizevu, ndo hiyo stendibai. Kazi yake kuziba pengo. Mwenzako akiumwa, ndege ikipata hitilafu, hali ya hewa ikivuruga ratiba mpaka masaa ya kazi ya marubani wa kwanza yakaisha, wewe ndo unaitwa. Na wanaojaa huko rizevu ni sisi wa chini kwenye senioriti, kwasababu wakongwe wanachagua kwanza na kinachobaki ndo chetu. Hilo silalamikii, kila aliye juu alipitia hapo. Unalipwa garantii yako ya mwezi, yaani kiwango cha chini cha uhakika, hata usiporuka, ndo maana mtu wa nje anaona tunalipwa kwa kulala.

Sasa kilichobadilika. Zamani wengi wetu tulikua kwenye rizevu ndefu, yaani watu wa rosta, wale wanaopanga ratiba, wakikutaka wanakuambia masaa 12 kabla au zaidi. Masaa 12 kaka ni maisha kamili, unakula na watoto, unaoga, unalala, unaamka unavaa yunifomu unaenda kazini kama mtu mwingine yeyote. Mwaka huu kampuni imepunguza hizo nafasi, karibu wote tumehamishiwa kwenye rizevu fupi, unapewa dirisha, yaani kipindi cha kusubiri simu, la masaa 14 na ndani ya hilo dirisha simu ikilia una masaa mawili uwe umesharipoti uwanjani. Alafu hilo dirisha lenyewe halitulii, leo linaanza alfajiri kesho mchana, na hapo kwenye kuhamahama ndo mwili unapovunjikia.

Nikupe mfano wa wiki iliyopita. Siku ya kwanza dirisha langu lilianza saa 10 alfajiri. Sikuitwa mpaka saa 4 asubuhi, nikaripoti saa 6 mchana, nikamaliza karibu saa 2 usiku. Siku iliyofuata wakanisogeza, dirisha saa 8 mchana mpaka saa 10 usiku. Ukiwa na hilo dirisha unatakiwa ulale mchana ili usiku uwe mzima, lakini nilikua nimelala usiku kama kawaida, nimeamka asubuhi na watoto, mchana nikajilaza nikakodoa macho tu, mwili haukubali kuzimwa kama taa. Simu ikaja saa 2 usiku, nikaripoti saa 4, nikatua saa 10 na robo alfajiri. Ule muda kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi ndo mwili uko chini kabisa, hata kanuni zenyewe zinautambua, na mi nilikua nashusha ndege imejaa watu ilhali nimeamka tangu saa 1 asubuhi ya jana yake. Hesabu mwenyewe, masaa 21. Na hakuna kanuni yetu hata moja iliyovunjwa, kwenye karatasi nilikua nimepumzika.

Hiki ndo nataka ukielewe. Watu wanadhani kinachochosha ni kuruka. Kuruka sio tatizo langu, nikijua naruka saa ngapi najipanga. Kinachonimaliza ni kutojua nilale saa ngapi.

Na kanuni zimejaribu, siwezi kusema hazijajaribu. Februari 2009 kuna ndege ilianguka karibu na Buffalo kule Marekani, wakafa watu 50, mmoja wao alikua nyumbani kwake chini. Rubani msaidizi alikua amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka Seattle kwenda kuanzia kazi Newark. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo, na uchovu wa marubani wakautaja pia, japo walishindwa kupima ulichangia kiasi gani. Ndipo Marekani zikaja kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 2014: mapumziko masaa 10 kabla ya dyuti au rizevu, dirisha la rizevu fupi lisizidi masaa 14, na kwa marubani wawili bila wa kuwapokezana, muda wa kusubiri ukijumlisha na wa kazi usipite masaa 16 tangu dirisha lianze. Ulaya nao wameweka stendibai ya nyumbani isizidi masaa 16, na ukiitwa baada ya kusubiri zaidi ya masaa 6, yale ya ziada kwa kawaida yanakatwa kwenye muda unaoruhusiwa wa kazi ya safari, tena wao wanasema kabisa mpangilio usimfanye mtu akae macho zaidi ya masaa 18. Hilo la Ulaya nalipenda, maana linaangalia mtu ameamka saa ngapi, sio dirisha limefunguka saa ngapi.

Nyumbani je. Simu naingia nayo bafuni. Mwezi uliopita binti yangu alikua na mashindano ya mbio shuleni, nikaenda, nikakaa karibu na geti, begi na yunifomu kwenye gari, na muda wote naangalia simu kama ina netiweki. Alipomaliza akaja ananiuliza, baba uliniona? Nilimwona anaanza na nilimwona anamaliza, katikati pale nilikua nimeinamia simu. Sikumdanganya, nilimwambia hivyohivyo. Siku hizi asubuhi ananiuliza "leo upo kweli au upo wa simu".

Wenzangu wanaoishi mji mwingine na kituo chao ndo wameumia zaidi. Wakati wa rizevu ndefu walisubiria kwao, sasa kwa masaa mawili haiwezekani, wamepanga vitanda kwenye chumba cha pamoja karibu na uwanja wanakaa huko siku tano sita, wengine hawaitwi hata mara moja, wanarudi nyumbani wamechoka bila kuruka.

Tumepeleka ombi kupitia wawakilishi wetu. Hatujaomba pesa. Tumeomba dirisha likianza alfajiri libaki alfajiri mpaka zile siku ziishe, na turudishiwe baadhi ya nafasi ndefu. Bado wanajadiliana.

Sasa harusi yako. Tarehe hiyo nimepangiwa rizevu, siku ya tatu kati ya tano. Nimeomba kubadilishana na mwenzangu mmoja, yeye amekubali, kinachosubiriwa ni watu wa rosta waidhinishe, na wanaweza kukataa kama siku hiyo watu ni wachache. Kwahiyo naomba umtafute na mtu wa pili awe tayari, na nikipata jibu hata kama ni usiku wa manane nitakuandikia. Nikikosa nitaumia kuliko wewe, amini.

Na kitu kimoja kaka, ukitaka kuongea na mimi tuma kwanza meseji alafu mi ntakupigia. Simu ikilia tu hapa ndani, watoto wote wananyamaza.

Ndugu yako