Kabla hujamlipa huyo mwalimu

Kibokoni, Mombasa

Salim ndugu yangu,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa matatu ya Malindi, na achari pia, chupa nzima haikupasuka. Huku sote tu wazima. Kusi inavuma, boti hazitoki wiki ya pili sasa, ndiyo maana umebahatika kuandikiwa kurasa na si maneno mawili ya simu.

Umeniuliza uchukue kozi ya TDI au ya IANTD, yale mashirika ya kufunza uzamiaji wa kina kirefu kwa mitungi. Chukua yoyote, kanuni zao zakaribiana. Mimi nahofia huyo mtu atakayekushusha. Umeandika kwamba amekuahidi siku nne tu na kadi mkononi. Hapo niliweka kikombe cha kahawa chini nikaisoma tena.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Mcheshi, bingwa wa hadithi, na darasa zima tulifaulu, hata yule mwenzetu aliyekuwa akipanda na kushuka kama boya. Zoezi la kufunga valvu za mitungi ya hewa mgongoni alitufanyisha mara moja, tukiwa botini, wakavu. Miezi haikupita mingi, niko mita 44, regileta ya kulia, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni, ikaachia hewa ovyo. Mapovu yalinijaa usoni nisione hata kamba. Cha kufanya chajulikana: unafunga valvu ya kulia, unavuta kwa regileta ya kushoto, na mitungi pacha bado yakupa hewa yote iliyobaki. Nilikijua vizuri sana. Mkono haukufika! Mitungi ilikaa chini mno mgongoni, na kwa kina kile nitrojeni imeshakulewesha, nikawa napapasa kama mtu atafutaye swichi gizani. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuifunga. Na hata hapo huwezi kukimbilia juu, maana mwili unadaiwa vituo vya njiani, usimame nitrojeni ikutoke taratibu. Nikaning'inia mita 6 nahesabu dakika, nikimlaani mtu ambaye saa ile pengine alikuwa akipiga soga mahali.

Wa pili alinifelisha. Mara mbili, Salim. Nilikasirika: pesa zangu, mtoto wa pwani mimi, nafunzwa bahari na mtu wa bara! Alinirudisha mita 5, akanifungisha na kunifungulisha valvu mpaka mabega yakaniuma, na nikishaanza kuzoea ananivua miwani ghafla. Kwenye gesi ndiyo hakuwa na masihara kabisa. Mtungi usioupima mwenyewe huushiki, na ukishaupima unaandika kwa mkono wako asilimia ya oksijeni na kina cha mwisho cha kuuvuta. Alinipigisha hesabu mchangani kwa kijiti. Gesi yenye oksijeni asilimia 50 huanza kuivuta ukishapanda mpaka mita 21. Ukikosea ukaivuta mita 45, ambako presha ni mara 5.5 ya huku juu, presha ya oksijeni peke yake inafika nusu ya hiyo, 2.75, na mpaka wake ni 1.6. Mtu hupigwa degedege, regileta ikamtoka mdomoni, na maji hayangoji.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, muulize huyo bwana: mwanafunzi wa mwisho kumfelisha ni lini, na kwa kosa gani? Kisha nyamaza. Akicheka kwamba wake hufaulu wote, lipia soda zenu uondoke. Muulize pia huzama wapi siku ambazo hana mwanafunzi, kwani wapo wanaofika mita 50 siku za kozi tu. Na akikutajia bei za vifaa kabla hajakuona ukielea, hilo nalo ni jibu.

Najua kinachokusukuma. Tangu lile gari lililotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, Septemba 2019, wewe huna jingine. Siku 13 zilipita kabla halijatolewa, kutoka kina cha mita 58, nasi tuko ufuoni tunatazama tu. Umeandika unataka siku nyingine uwe mmoja wa watakaoitwa. Sikuvunji moyo. Lakini pale maji ni machafu, mkondo unavuta, na meli hupita juu ya kichwa chako. Mimi na kadi zangu zote nisingeshuka.

Ngoja Kaskazi iingie, maji yatulie, uje ulale kwangu. Tutaanza na Dania, ile meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002. Chini yake ni kama mita 30 tu, hakuna la kujionyesha pale. Nataka nikuone tukirudi, ukae mita 6 dakika 15 bila kushika kamba, usipande wala usishuke. Ukiweza, nitakupeleka kwa yule wa pili. Akikukataa usije kunililia mimi.

Mama akusalimu, asema mchumba unamficha mpaka lini. Na uje na miwani yako ya akiba, yangu imepasuka.

Wako,
Athman