Mjamzito apimwe damu, mkojo hautoshi

Mhariri naomba nafasi. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, kliniki wanachovya tu kistripu kwenye mkojo wanamwambia uko fresh mama, jamani sukari ya mimba mara nyingi haionekani hivyo! Kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, izidiwe, ndo maana wiki ya 24 mpaka 28 mtu anatakiwa anywe glukosi gramu 75 asubuhi hajala kitu, apimwe damu kabla, baada ya saa moja na baada ya mbili, na WHO wanasema hata sukari ya damu ikiwa 5.1 mmol/L kabla ya kunywa tayari ni kisukari cha mimba. Wizara leteni kipimo hiki mpaka zahanati, sukari hii inafanya mitoto iwe mikubwa, inakwama mabega leba, mingine sukari inashuka ghafla ikishazaliwa.