Shukrani kwa mama wa kiti cha pembeni, Tokyo

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Mgahawa ule wa yakitori, yaani kuku wa kuchomwa kwenye vijiti, una viti vichache tu mbele ya jiko, na mgeni asiyeweka nafasi mapema haingii. Mwenzako alipokosa kuja, ukanikaribisha mimi niliyekuwa nikigeuka mlangoni.

Ukanionyesha kula kuku moja kwa moja kwenye kijiti, bila kuchomoa nyama. Firigisi kwa chumvi, paja na kitunguu, halafu chochin: kiini cha yai lisilotagwa bado, kikapasukia mdomoni kikiwa cha moto. Binchotan, mkaa mgumu wa Kijapani, hautoi moshi mwingi, hivyo nilisikia utamu wa kuku mwenyewe. Sijawahi kula kuku namna ile!

Asante sana, mama. Shikamoo yangu ikufikie huko uliko.