Tairi laini la mbio si kipara

Mhariri,

Wengi husema mbio za magari za Formula One zilirudisha "vipara" mwaka 2009. Wanakosea. Kipara ni tairi lililoisha kashata, yaani michoro ya juu yake. Tairi hili la mbio hutengenezwa laini, bila mifereji, makusudi, raba yote iguse lami.

Tangu 1998 sheria ililazimisha mifereji ili kupunguza kasi kwenye kona. Vipande vya raba kati ya mifereji vilijipinda na kuchunika. Ilipoondolewa, tairi la mbele lilinufaika kuliko la nyuma: mbele gari likashika, mkia ukateleza. Ndiyo maana mwaka 2010 upana wa tairi la mbele ulipunguzwa kutoka milimita 270 hadi 245.

Mvua ikinyesha, maji chini ya tairi laini hayana pa kutokea na tairi huelea. Hapo hata bingwa hukimbilia piti, kituo cha kubadilishia tairi.

Mpenzi wa mbio za magari,
Arusha