Wanakwamia dirishani kabla ya kufika kwa daktari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie afya ya vijana waliowahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na watu wa jinsia yao. Vizuizi vya matibabu kwa vijana hawa vikitajwa, mazungumzo huishia kwenye sheria na mitazamo ya jamii. Hayo yapo, tena ni mazito. Lakini sisi tunaohudumia vijana tunajua kwamba wengi hukwama mapema zaidi: kwenye dirisha la mapokezi, kwenye swali wasiloulizwa, na kwenye sampuli inayochukuliwa mahali pasipo na ugonjwa. Mambo haya wahudumu wanaweza kuyarekebisha wenyewe, hata wiki hii.

Tuanze na dirisha. Kijana amepanga foleni, zamu yake imefika, na mhudumu anamuuliza, "Una tatizo gani?" Sauti ni ya kawaida tu, wala hakuna ubaya katika swali. Lakini benchi la wanaosubiri liko hatua mbili nyuma yake, na waliokaa pale wanasikia kila neno. Kijana anajibu, "Kichwa." Faili linaandikwa kichwa, daktari anatibu kichwa, na kijana anarudi nyumbani na dawa ya maumivu huku kidonda kilichomleta kikibaki palepale. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana, na kwenye takwimu za siku hiyo atahesabiwa kuwa amehudumiwa.

Dawa yake ni rahisi. Dirishani ziulizwe taarifa tatu tu: jina, umri, na kama ndiyo mara yake ya kwanza kufika. Sababu ya kuja iulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa aliyekuja na mzazi au mlezi, uwepo utaratibu kwamba kila kijana, bila kubagua, anapewa dakika chache peke yake na mhudumu. Neno "kila" hapo ndilo lenye uzito, kwa sababu anayeitwa pembeni peke yake tayari ametiliwa shaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango 8 vya ubora wa huduma kwa vijana mwaka 2015, na usiri pamoja na kutobaguliwa vimo. Kwa hiyo hatuombi upendeleo.

Sasa swali. Mhudumu anayeuliza "Umeoa?" au "Una mchumba?" hajauliza chochote chenye faida kwa tiba. Anayeuliza "Wewe ni shoga?" amefanya vibaya zaidi, kwa sababu neno hilo linaumiza, na hata lisingeumiza, vijana wengi waliowahi kuwa na mahusiano ya namna hii hawajiiti jina lolote. Wapo wenye wapenzi wa jinsia zote mbili, na wapo ambao ilitokea mara moja tu. Virusi na bakteria havijali mtu anajiitaje, vinafuata njia iliyotumika. Basi tuulize kuhusu tendo, na kabla ya kuuliza tueleze sababu: "Maswali haya namuuliza kila mtu, ili nijue nichukue sampuli wapi. Unaweza kukataa kujibu." Kisha: "Wapenzi wako ni wanaume, wanawake, au wote? Katika miezi 3 iliyopita mlikutana kwa njia gani: uke, haja kubwa, mdomo?" Sauti iwe ileile inayotumika kuuliza kama mtu ana mzio wa dawa. Mhudumu akishusha sauti na kukunja uso hapo, kijana atarudi kwenye jibu la kichwa.

Jambo moja lazima litangulie maswali hayo yote: kumweleza kijana mipaka ya siri. Kama ipo hali ambayo mhudumu analazimika kuitolea taarifa, kwa mfano mtoto anayedhulumiwa au mtu aliye katika hatari ya kujiua, aambiwe kabla hajafungua mdomo. Kumwambia baadaye ni kumtega. Na kwenye faili yaandikwe yale tu yanayohitajika kwa tiba. "Sampuli: mkojo, koo, njia ya haja kubwa" inamtosha kabisa mtaalamu wa maabara. Kumwandikia kijana jina la kumtambulisha hakusaidii kipimo chochote, na pale ambapo sheria inaadhibu mahusiano haya, karatasi hiyo inaweza kumpeleka pabaya.

Hapo kwenye sampuli ndipo makosa yanapojificha zaidi. Vijidudu vya kisonono na klamidia, magonjwa mawili ya zinaa, vinaweza kukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa bila maumivu, bila usaha, bila dalili yoyote. Kipimo cha mkojo hakivioni huko. Kijana ambaye maambukizi yake yako kooni akipimwa mkojo tu, atapewa karatasi inayosema hana ugonjwa, naye ataiamini, na mpenzi wake pia ataiamini. Kwa maoni yetu, jibu la namna hiyo lina madhara kuliko kukosa kipimo, kwa sababu linafunga mlango wa kurudi. Panapokuwa na mashine za kupima vinasaba vya vijidudu, sampuli za usufi kutoka sehemu hizo mbili zinatosha, na kijana anaweza kujichukulia mwenyewe faraghani baada ya kuelekezwa. Sampuli za kujichukulia zimethibitika kuwa za kuaminika, na aibu inapungua sana. Klamidia ikionekana kwenye njia ya haja kubwa, doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7 huponya vizuri kuliko dozi moja ya azithromaisini. Na asiyetaka kujibu maswali apewe nafasi ya kupimwa sehemu zote tatu hata hivyo, bila kubanwa.

Kaswende nayo ina ujanja wake. Kidonda chake cha kwanza kwa kawaida hakiumi. Kinaweza kutokea mdomoni au ndani ya njia ya haja kubwa ambako mwenyewe hakioni, kisha kinapona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6. Upele unaofuata, ambao mara nyingi hutokea hata viganjani na kwenye nyayo, hutibiwa kama mzio. Kipimo cha damu ndicho kinachoumbua yote hayo, na ikiwa bado ni ya mapema, sindano ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4, mara moja, inatosha.

Wasichana wanasahaulika hata katika mijadala kama hii. Anayesema hana mpenzi wa kiume huambiwa hahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi. Si kweli. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huenea kwa mgusano wa ngozi, kwa hiyo kinaweza kupita kati ya wanawake wawili, na wengi wao pia wamewahi kuwa na wanaume. Chanjo ya HPV wanaihitaji kama wenzao, na umri wa uchunguzi ukifika wafanyiwe kama wenzao. Kuna pia lile swali la "Unatumia uzazi wa mpango gani?" Msichana mwenye mpenzi wa kike tu akijibu "Hakuna," anahubiriwa kuhusu mimba ambayo hana namna ya kuipata, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kuonekana pale.

Kwa ufupi kuhusu kinga nyingine: chanjo ya homa ya ini B, kwa kijana ambaye hakuipata utotoni, kwa kawaida ni dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza. Kondomu za mpira hazipatani na mafuta ya kujipaka wala ya kupikia, kwani mafuta huudhoofisha mpira ukapasuka. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni. Kugawa kondomu bila vilainishi ni kazi nusu. Na PrEP, yaani dawa za kuzuia VVU zinazotumiwa kabla ya mtu kukutana na hatari, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa ya VVU, isigeuzwe kuwa zawadi ya walionyooka kwa kumdai kijana aahidi kubadilika kwanza. Mapenzi ya jinsia moja yaliondolewa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna tiba ya kuyaondoa, na wanaojaribu "kumtibu" kijana humwachia majeraha ya akili. Huzuni kubwa na mawazo ya kujiua yapo zaidi miongoni mwa vijana hawa kwa sababu ya kutengwa, na kuyauliza wazi hakumpandikizii mtu wazo hilo. Iulizwe.

Tunaomba pia wataalamu wakatae kabisa kumpima mtu njia ya haja kubwa kwa nguvu ili "kuthibitisha" mwenendo wake. Uchunguzi huo hauna thamani yoyote ya kitabibu wala ya ushahidi, na Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache kuufanya mwaka 2017. Kijana anayesikia kwamba jambo hilo hufanyika hospitalini hatakanyaga huko hata akiwa anavuja damu.

La mwisho ni PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kukutana na hatari. Hapa saa ndizo zinazoamua. Dozi ya kwanza inatakiwa haraka iwezekanavyo, isizidi saa 72, kisha dawa ziendelee kwa siku 28. Tukio la Ijumaa saa 5 usiku linaishiwa muda wake Jumatatu saa 5 usiku. Sasa tazama namna muda huo unavyoliwa: Jumamosi kijana anaambiwa mshauri hayupo, arudi Jumatatu. Jumatatu asubuhi anaambiwa alete mzazi. Jumanne anarudi na barua, na saa zimekwisha. Hakuna aliyekusudia kumnyima, kila mmoja alifuata utaratibu wake. Dozi ya kwanza haihitaji kujua mwenzake ni nani, haihitaji mshauri bingwa, wala haihitaji kusubiri majibu ya maabara. Kipimo cha haraka cha VVU kifanyike siku hiyohiyo, lakini kikikosekana dozi isikwame. Vidonge vya siku chache za mwanzo viwekwe kwenye kabati la chumba cha dharura, maelekezo ya dozi yabandikwe ndani ya mlango wa kabati hilo, na ufunguo uwe mkononi mwa muuguzi wa zamu, usiku na mwisho wa wiki.

Ni sisi,
Wauguzi na washauri wa afya ya vijana