Kanda za sinema tulizorekodi nyumbani zisikatwe matangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kanda za video ambazo familia nyingi zilitumia kurekodi sinema za watoto kutoka kwenye televisheni, na ambazo sasa ama zinatupwa, ama zinahamishiwa kwenye kompyuta na watu wenye nia njema kwa namna inayoziondolea sehemu kubwa ya thamani yake.

Hoja inayorudiwa mara kwa mara ni kwamba hakuna haja ya kuhangaika na kanda yenye chenga ilhali sinema hiyohiyo inapatikana leo ikiwa safi zaidi. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama kanda ingebeba sinema peke yake. Kanda hizo zimebeba jioni nzima ya kituo cha televisheni: sinema iliyofupishwa ili ienee katika muda uliopangwa, iliyopunguzwa kingo ili ijae kwenye kioo cha wakati ule, pengine ikiwa imeingizwa sauti za waigizaji wengine katika lugha ya watazamaji, kisha mtangazaji anayetaja kipindi kinachofuata, na matangazo ya biashara. Kampuni ya filamu ikiitoa sinema yake upya, hairudishi hayo. Vituo navyo, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali, mara nyingi vilizifuta na kurekodi vitu vingine juu yake.

BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi vya Doctor Who, tamthilia yake ya televisheni, vya miaka ya 1960 na 1970, na baadhi ya vile vilivyotengenezwa kwa rangi vikabaki katika nakala za rangi nyeusi na nyeupe tu. Rangi ya baadhi yake ilirudishwa miaka ya 1990 kwa msaada wa kanda ambazo watazamaji wa Marekani walikuwa wamejirekodia majumbani. Huko huko Marekani, Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi televisheni mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 2012, na makumi ya maelfu ya kanda zake yakakabidhiwa kwa Internet Archive, maktaba ya kidijitali ya mtandaoni. Bila shaka wapo waliomwona kuwa anajaza nyumba takataka.

Ndiyo maana nasikitika kuona mtu anahamisha kanda kwa uangalifu mkubwa, kisha anakaa kwenye kompyuta kuyakata matangazo yote ili sinema "itiririke vizuri". Hata pale ambapo aliyerekodi alikuwa akibonyeza kitufe cha kusitisha kila matangazo yalipoanza, huwa kuna sekunde mbili tatu zilizoponyoka: nusu ya tangazo la sabuni, neno la mwisho la mtangazaji, nembo ya kituo. Kwa mtafiti, vipande hivyo ndivyo vinavyosaidia kujua kanda ilirekodiwa kituo gani na mwaka gani, hasa pale ambapo lebo imeandikwa kwa kalamu "Katuni, usifute" na basi.

Yapo pia madhara yasiyoonekana kwa haraka. Picha ya televisheni za zamani ilitumwa kwa nusu-picha 50 au 60 kila sekunde, kulingana na mfumo wa nchi, na vifaa vingi vya bei rahisi vya kuhamishia kanda kwenye kompyuta huziunganisha mbili mbili kuwa picha moja. Sinema yenyewe haipotezi mengi, kwa sababu ilipigwa kwa picha 24 tu kwa sekunde. Mtangazaji aliyekuwa studioni mbele ya kamera ya video ndiye anayepoteza nusu ya mwendo wake. Kwa hiyo faili la kwanza liwe lile lisilobanwa wala kusafishwa. Nakala nyepesi ya kutazama na watoto itengenezwe kutoka kwenye hilo, na kanda yenyewe isitupwe.

Muda nao hautusubiri. Chembe za sumaku zinazobeba picha zimeshikizwa kwenye utepe wa plastiki kwa gundi ambayo hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita, hata utepe ukaanza kunata na kuchafua vichwa vya deki. Na kanda iliyoota ukungu haifai kuchezwa kabla ya kusafishwa, maana itaambukiza deki na kila kanda itakayofuata. Deki zenyewe zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Wapo watakaouliza kuhusu hakimiliki, na swali ni la haki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1984, katika kesi iliyoihusu Sony, kampuni iliyotengeneza deki za kurekodia, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa, lakini uamuzi huo haumpi mtu ruhusa ya kusambaza sinema ya mwenzake. Kutunza si kusambaza. Maktaba na nyaraka za taifa zinaweza kupokea kanda hizi na kuziruhusu zitazamwe ndani ya majengo yao tu, na ningeomba zitangaze wazi kwamba zinazipokea pamoja na majalada na lebo zake za mkono, bila kudai kwanza orodha ya yaliyomo, kwa sababu wenye kanda wengi hawana tena deki ya kuyatazamia.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi