Kwa Mwanaidi, kuhusu watu wa Dublin

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoandika kwamba umemaliza hadithi ya "Eveline" ukamwona binti yule kuwa mwoga tu, kwa kuwa alipata njia ya kutoka akaikataa. Hukumu hiyo siikubali, na nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, maana hadithi hizi za kitabu cha Dubliners, alichoandika James Joyce wa Ireland kuhusu watu wa mji wa Dublin, zimenikaa moyoni.

Mtazame Eveline kabla hajafika bandarini. Ana miaka 19 na ushee. Anafanya kazi dukani, na mshahara wake wote, shilingi 7, humkabidhi baba yake, ambaye kila Jumamosi usiku huanzisha ugomvi kabla ya kutoa fedha za chakula. Kuna watoto wawili wadogo wa kulishwa na kupelekwa shule. Kaka mmoja amekufa, mwingine yuko mbali katika kazi ya kupamba makanisa, wala hakuna wa kumkinga Eveline baba huyo akiinua mkono. Juu ya hayo yote ipo ahadi aliyompa mama yake, kwamba ataishikilia nyumba isisambaratike kadiri atakavyoweza. Mama mwenyewe alijinyima maisha yake yote hadi akili ikamtoka, na mwisho huo ndio Eveline anaouogopa. Kwa hiyo mama yuleyule anayemfanya atake kukimbia ndiye anayemzuia asiondoke. Pale North Wall, gati la Dublin, Frank, mpenzi wake aliye baharia, anapomwita wapande meli ya kwenda Buenos Aires, anang'ang'ania vyuma vya kizuizi kwa mikono miwili, na macho yake hayaonyeshi upendo wala kuaga. Huyo Frank naye tunamjua kwa maneno yake mwenyewe tu. Joyce hatuthibitishii popote kwamba nyumba anayoisimulia ng'ambo ya bahari ipo kweli.

Ninachokiona mimi ni kwamba katika kitabu hiki kukata tamaa hakuishii kwa mtu mmoja. Hurithishwa, na mara nyingi humwangukia aliye mdogo kuliko wote. Hilo linaonekana wazi kabisa katika "Counterparts", ambayo nakuomba uisome polepole. Farrington ni karani wa kunakili mikataba katika ofisi ya mawakili. Bosi wake, Alleyne, mwenye lafudhi ya kaskazini mwa Ireland, anamfokea mchana kutwa na kumlazimisha kuomba radhi. Jioni anaweka rehani saa yake kwa shilingi 6, anazimaliza kwa pombe akiwanywesha marafiki, kisha anashindwa katika kupimana nguvu za mkono na kijana Mwingereza. (Ireland wakati huo ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, na sidhani kama Joyce alimchagua mshindi huyo bila kukusudia.) Anarudi nyumbani bila fedha, bila saa, na hata kulewa hajalewa. Jikoni moto umezimika. Anachukua fimbo na kumpiga mwanawe Tom, naye mtoto anapiga magoti akiahidi kumsalia baba yake Salamu Maria iwapo ataacha kumpiga. Hadithi inakatika hapohapo, na hatuambiwi kama mkono ulisimama. Yale yaliyompata baba ofisini yamefika mwisho wake kwenye mwili wa mtoto asiyejua hata chanzo chake.

Katika "A Little Cloud" ni hivyohivyo, ingawa hakuna fimbo. Chandler ameonana na rafiki aliyefanikiwa London, amerudi kwake akitamani kuwa mshairi, na kichanga anapolia mikononi mwake anamfokea usoni hadi mtoto anakosa pumzi kwa kilio. Machozi ya majuto yanamtoka, lakini mtoto ameshatishika.

Joyce mwenyewe aliondoka Ireland mwaka 1904, na nyingi ya hadithi hizi aliziandika akiwa mbali, katika mji wa Trieste, huku wachapishaji wakizikataa kwa miaka hadi kitabu kilipotoka 1914. Alisema wazi kwamba aliichagua Dublin kwa sababu aliiona kuwa kitovu cha kupooza, yaani watu kushindwa kuchukua hatua. Wewe unasikia lawama katika kauli hiyo, nami nasikia huruma, kwani asiyejali hangeihesabu mishahara ya watu shilingi kwa shilingi.

Jambo moja bado linanisumbua, nalo nataka tulijadili. Mke wa Farrington usiku ule yuko kanisani. Joyce anatuambia kwamba humwonea mumewe akiwa mzima na huonewa naye akiwa amelewa, kisha hasemi zaidi. Katika barua yako ijayo niandikie unavyomwona mama huyo, na kama unadhani Tom angepigwa vilevile laiti mama yake angekuwa nyumbani.

Wako akupendaye,
Rehema